Binamu kafungwa Marekani miezi 60 na uangalizi miaka 3, hesabu inakuwaje?

MamaKayole: Wadau habari zenu, mtoto wa shangazi ana uraia wa huko, korti ya shirikisho imempa miezi 60 halafu miaka 3 ya kuachiliwa chini ya uangalizi. Shosho analia tangu jana anasema ni miaka 8 jela, simu ameishika tu mkononi. Ni ukweli?

Mzee_wa_Korti: Pole sana mama. Si miaka 8, jela ni ile miezi 60 pekee, hiyo 3 inaanza siku akitoka, analala nyumbani lakini anaripoti kwa ofisa wa probesheni, anapimwa dawa za kulevya, na hawezi toka eneo lake bila ruhusa. Akivunja masharti jaji anaweza kumrudisha ndani, hapo ndio mchunge sana.

UmojaBoy: Akiwa na nidhamu anakatiwa mpaka siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo, yaani kama 270 hivi. Siku za rimandi kwa kesi hiyo pia zinahesabiwa. Usichanganye na hapa kwetu Kenya, remishoni (punguzo la kifungo kwa nidhamu) ni theluthi moja kwa makosa mengi. Na paroli (kuachiliwa mapema kabla ya kumaliza kifungo) msingoje, kwa korti hizo ilifutwa kwa makosa ya kuanzia Novemba 1987.

MamaKayole: Asanteni sana, wacha nimwambie shosho anywe hata uji kidogo.