Kolitisi ya vidonda: mgonjwa anaharisha damu, mbona na goti na jicho?

Muuguzi wa Kadutu
Jambo yenu wote. Mgonjwa ana miaka 26, kolitisi (uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana) ilithibitishwa kwa kolonoskopi, kamera ya utumbo. Anaenda choo chenye damu mara sita kwa siku. Wiki hii goti na kifundo cha mguu wa kushoto vimevimba, kwenye miundi kuna vinundu vinavyouma, na tangu jana jicho moja ni jekundu. Nyumbani wanampa diklofenaki ya maumivu. Ni ugonjwa mmoja? Nianze na lipi?

Dokta K., Bukavu
Anza na jicho, leo hii. Mulika tochi kwenye jicho ZIMA, si lile jekundu: jicho gonjwa likiuma, au akiona ukungu, huenda ni uveitisi, uvimbe wa ndani ya jicho. Afike kwa daktari wa macho ndani ya saa 24, maana kingo za mboni hunata kwenye lenzi na kuona kukapotea. Wekundu tu, bila maumivu makali wala ukungu, kwa kawaida hutulia pamoja na utumbo. Matone ya steroidi usimtilie kwa kubahatisha. Kama konea (kioo cha mbele ya jicho) ina hepesi, kirusi cha vidonda, utaiharibu.

Mengine, ndiyo, mara nyingi ni ugonjwa ule ule. Viungo vikubwa vichache, chini ya vitano, hufuata utumbo: tibu kolitisi navyo vitapoa. Vidole vingi vikivimba, au mgongo ukikakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa na kulegea akitembea, hali hiyo hufuata njia yake yenyewe hata choo kikiwa safi. Goti likiwa la moto na ana homa, livutwe maji kwanza, lisije likawa na usaha.

Vinundu kwenye ngozi yetu usivitafute kwa wekundu. Vipapase: ni vigumu, vina joto, rangi imekolea kuliko ngozi ya jirani. Kifua kikuu nacho huvileta, kwa hiyo picha ya mapafu na kipimo cha amiba kwenye choo vitangulie prednizoloni, steroidi ya kutuliza kolitisi.

Mfamasia wa Ibanda
Diklofenaki isimamishwe, inaweza kuamsha kolitisi. Parasetamoli gramu 1, mara tatu kwa siku. Upungufu wa damu usiusahau: utumbo ukiwaka, feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) chini ya maikrogramu 100 kwa lita bado inaweza kuwa ukosefu wa chuma. Hemoglobini ikiwa chini ya gramu 10 kwa desilita, chuma cha mshipani ni bora kuliko vidonge.

Muuguzi wa Kadutu
Asanteni sana. Mguu wote wa kushoto unaonekana mnene, si goti peke yake.

Dokta K., Bukavu
Basi fikiria damu iliyoganda. Kolitisi ikiwaka, hatari hiyo hupanda. Chukua mita ya fundi cherehani, pima mashavu ya miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya nundu ya mfupa iliyo chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, apigwe ekografia ya mishipa leo. Hata bila tofauti, akilazwa apewe kinga: enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, miligramu 40 kwa siku. Damu ya chooni isiwatishe, isipokuwa inamwagika kwa wingi.