Naombeni ushauri: tumuulizeje Mwakilishi wetu kuhusu boti za mwani?

Mtoto_wa_Pwani (Kaskazini Pemba)
Assalaamu alaykum wanajamvi. Mama yangu na wenzake ni wakulima wa mwani. Zamani wakilima kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina nyengine, spinosamu, lakini siku hizi maji ya ufukweni yakishika joto inageuka nyeupe na kukatika kwenye tai-tai, vile vikamba vya kuufungia mwani. Watafiti wanasema kotonii ipelekwe maji ya kina, hayapati joto sana. Sawa. Mwakilishi wetu akaleta boti za faiba, picha zikapigwa, ngoma zikachezwa. Sasa boti zimelala mchangani. Pesa ya mafuta hakuna wa kuitoa, na kina mama wengi hawajui kuogelea. Hakuna aliyewauliza kabla. Juzi katwambia bajeti ijayo ataomba boti nyengine! Nataka kumuuliza anaamua kwa ushahidi gani, ila hapa kwetu ukimuuliza kiongozi tu ushavishwa shati la chama. Nianzie wapi?

Bint_Wete
Usimuulize kwa nini mradi umekwama, utapigwa hotuba mpaka magharibi. Muulize boti ngapi zimeingia baharini bamvu lililopita (siku za maji kujaa na kupwa sana), na kotonii ya maji ya kina imetoka kilo ngapi. Hesabu haina chama.

Babu_Mkoani
Na nyinyi hesabu zenu ziko wapi? Kina mama wafungue daftari. Kila bamvu waandike kamba walizofunga, zilizokufa, kilo zilizokauka na bei ya mnunuzi. Asiyejua kuandika, mjukuu yupo. Mwani unalimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, wakulima wengi wanawake, na mpaka leo wakiulizwa mavuno ya mwaka jana wanajibu "kidogo". Kiongozi neno "kidogo" halimtishi.

Kijana_Darajani
Mnajichosha. Kampeni zikija mtampigia vigelegele huyo huyo.

Bint_Wete
@Kijana_Darajani ndiyo maana waulize sasa, si wakati wa kampeni. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti inajadiliwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, kabla ya hapo. Barua imfikie mapema, nakala kwa sheha (kiongozi wa shehia) na kwa Mkuu wa Wilaya. Mtajeni kifungu cha 21 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984: Mzanzibari ana haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomhusu. Kisha mwombeni amuulize Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi swali Barazani. Jibu la Waziri linaandikwa kwenye kumbukumbu za Baraza, halifutiki kama ahadi ya chini ya mwembe.

Babu_Mkoani
Jengine, msiseme boti ni mbaya. Kupeleka mwani kwenye kina ni jambo moja, kuamua kwamba kinachokosekana ni boti ni jambo jengine. Pengine mafunzo ya kuogelea na mafuta ya miezi michache yangetangulia. Mwambieni boti mbili zijaribiwe kwanza kwa msimu mmoja, matokeo yasomwe mbele ya shehia, ndipo aombe nyengine.

Mtoto_wa_Pwani
Ahsanteni sana. Barua nisaini mie?

Bint_Wete
Hasha! Wasaini kina mama wenyewe, kwa jina la kikundi. Wewe kazi yako kuandika tu. Na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, usiondoke pale bila huo muhuri.