Mreno alitutoza kodi karibu miaka 200: kwa nini hatukupatwa na yaliyowapata wenyeji wa Amerika?

Maalim wa Wete

Assalaam alaikum ndugu zangu. Nasomesha historia katika skuli moja ya sekondari huku kaskazini ya Pemba, na wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo jibu nililompa halikuniridhisha mwenyewe.

Tulikuwa tunasoma habari za Pedro Álvares Cabral, nahodha wa Kireno, ambaye mwezi wa Aprili 1500 alifika pwani ya Brazil, akakaa siku chache, kisha akashika njia ya kwenda Bara Hindi. Merikebu zake nne zilipotea kwa dhoruba kusini ya Afrika, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akatia nanga Kilwa. Ni msafara mmoja, mabaharia wale wale na mizinga ile ile, uliogusa pwani yao na pwani yetu ndani ya miezi mitatu. Yule binti akasimama akasema: "Maalim, kama ni watu wale wale, kwa nini kule leo wanazungumza Kireno, na sisi tumebakiwa na meza, leso na bendera tu?"

Nilimjibu kwamba sisi tulikuwa na miji ya mawe, dini, maandishi na biashara ya bahari. Akanikumbusha, kwa adabu kabisa, kwamba mwezi uliopita nilikuwa nimewasomesha habari za Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki katika Mexico ya leo, uliojengwa juu ya ziwa, wenye mabarabara, mifereji na masoko, ambao juu ya yote hayo ulianguka mikononi mwa Wahispania tarehe 13 Agosti 1521. Na pia habari za dola ya Wainka, ambayo mfalme wake, Atahualpa, alikamatwa na Mhispania Francisco Pizarro mjini Cajamarca, katika Peru ya leo, tarehe 16 Novemba 1532, Pizarro akiwa na watu 168 tu. Wala hatuwezi kusema kwamba sisi tulikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu mwaka 1503 Mreno Ruy Lourenço Ravasco aliiteka mitumbwi na majahazi ya Unguja mpaka mfalme wetu akakubali kulipa mithqali 100 za dhahabu kila mwaka, na miaka miwili baadaye Kilwa iliporwa, na Mombasa ikaporwa na kuchomwa. Basi tofauti ilikuwa wapi? Naomba mwenye elimu anisaidie.

Muuguzi mstaafu, Mkoani

Waalaykum salaam Maalim. Mimi si mtu wa historia, lakini nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, na nadhani sehemu kubwa ya jibu la binti yako imo katika neno moja, nalo ni ndui.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na uso uliojaa vishimo vya ndui aliyougua utotoni. Sisi wajukuu tulizoea kupitisha vidole mashavuni mwake tukivihesabu, naye akituacha. Alitusimulia kwamba, kwa vile yeye alikwisha kuugua akapona, kila ndui ulipoingia kijijini yeye na wazee wengine wenye makovu ndio walioingia katika vibanda vya wagonjwa, wakawapa uji na maji, wakawageuza ubavu kwenye majani ya mgomba ili ngozi isigande kwenye mkeka, kwa sababu ilijulikana kwamba ndui haumshiki mtu mara ya pili. Yaani hata ugonjwa ulipokuwa mkali namna gani, hapakukosekana mtu wa kusimama. Pwani yetu ilikuwa imefanya biashara na Arabuni, Ajemi na Bara Hindi kwa mamia ya miaka kabla ya Mreno, na maradhi yaliyokuwa yakizunguka huko yalikuwa yamekwisha kutufikia, yakatuua na kutuachia kinga.

Wenyeji wa Amerika walitengana na dunia hii nyingine zaidi ya miaka 10,000. Hawakuwa na ng'ombe, mbuzi, nguruwe wala ngamia, na ndui na surua hazikuwahi kuwafika. Ndui ulipoingia Mexico mwaka 1520, ukiletwa na jeshi la Wahispania lililotoka Cuba, haukumkuta mtu hata mmoja mwenye kovu. Mtoto, mama, bibi na mganga walilala kitandani siku moja. Wazee waliosimulia habari hizo baadaye kwa Kinahuatl, lugha yao wenyewe, walieleza kwamba wagonjwa hawakuweza kujigeuza wala kuinua kichwa, na kwamba wengi hawakufa kwa ndui bali kwa njaa, kwa kuwa hapakubaki mtu wa kuwapikia. Kila nikikumbuka habari hiyo naona uso wa bibi yangu. Hata mfalme wa Waazteki, Cuitláhuac, aliyewatimua Wahispania kutoka Tenochtitlan mwezi wa Juni mwaka huo, alikufa kwa ndui baada ya kutawala siku zipatazo 80.

Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume, maana homa ya malaria ndiyo iliyowaua wageni.

Msomaji wa Malindi, Unguja

Namshukuru sana Bi Muuguzi, na hilo la bibi yake limenifundisha jambo ambalo sikulipata katika vitabu. Hata hivyo naomba tusiutwishe ndui mzigo wote, kwa sababu nimeona watu wakitumia hoja hiyo kumsafisha mshindi, kana kwamba wenyeji walikufa kwa kudura tu na hakuna mkono wa mtu.

Christopher Columbus alifika visiwa vya Karibi tarehe 12 Oktoba 1492, lakini ndui ulianza kuenea kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo ni Haiti na Jamhuri ya Dominika, mwishoni mwa mwaka 1518. Kati ya tarehe hizo imepita miaka 26, na katika miaka hiyo Wataino wa kisiwa hicho walikuwa wamekwisha kupungua kwa kiasi cha kutisha. Kwanza Columbus aliweka amri kwamba, katika sehemu zenye migodi, kila mwenyeji aliyetimiza miaka 14 alete vumbi la dhahabu la kujaza kikengele kidogo kila baada ya miezi mitatu. Kisha wenyeji wakagawanywa kwa walowezi kama watumishi, wanaume wakapelekwa migodini, mashamba ya muhogo yakakosa wa kuyapalilia, na njaa ikaingia. Mwezi wa Disemba 1511 padri mmoja, Antonio de Montesinos, alisimama kanisani mbele ya walowezi hao akawauliza kwa haki gani wanawafanyia watu wale ukatili huo. Padri huyo hakuwa akizungumzia ndui, maana ulikuwa haujafika. Mtu mwenye njaa, aliyechoka na aliyetenganishwa na jamaa zake humuua hata ugonjwa ambao angeweza kupona, na naamini Bi Muuguzi atakubaliana nami katika hilo.

Jambo la pili ni kwamba Wahispania hawakupigana peke yao. Hernán Cortés alishuka Mexico mwaka 1519 na askari wapatao 500, lakini walioizingira Tenochtitlan walikuwa maelfu kwa maelfu ya wenyeji, hasa watu wa Tlaxcala, waliokuwa na uadui wa miaka mingi na Waazteki. Pizarro naye aliwakuta Wainka wametoka katika vita vya ndugu wawili, Atahualpa na Huáscar. Hapa, Maalim, hatuna la kujivunia, kwa kuwa Malindi ya Kenya iliungana na Mreno dhidi ya Mombasa kwa sababu kama hizo hizo.

Tofauti nyingine ni kile alichokitaka mgeni. Kwetu Mreno alitaka bandari, kodi na njia ya kwenda India, wala hakuleta walowezi wengi. Kule ilipatikana fedha: mlima wa Potosí, katika Bolivia ya leo, uligunduliwa mwaka 1545, na tangu miaka ya 1570 vijiji vya Andes vililazimishwa kutoa watu kwa zamu wakachimbe humo. Mreno alipojaribu jambo la namna hiyo Afrika Mashariki, hakufanikiwa. Francisco Barreto aliongoza jeshi kupanda mto Zambezi akitafuta dhahabu ya dola ya Mutapa. Farasi wake wakaanguka mmoja mmoja, askari wake wakafa kwa homa, naye mwenyewe akafia Sena, mji ulio kando ya mto huo, mwaka 1573. Wareno hawakuamini kwamba ni maradhi. Walidai kwamba Waislamu wa Kiswahili wafanyao biashara pale Sena wamewatilia sumu, wakawaua kikatili. Kwa hiyo binti asije akadhani kwamba sisi tulihurumiwa. Nia ilikuwa ile ile, ila mbu na mbung'o walisimama upande wetu.

Mkulima wa Donge

Naongeza machache. Katika maneno aliyoyataja binti, aliacha nanasi. Wareno walilipokea jina hilo kutoka kwa wenyeji wa Amerika ya Kusini wazungumzao lugha za Kitupi na Kiguarani, wakalieneza pamoja na tunda lenyewe. Muhogo pia ni wao, na ni watu wa Amazon waliogundua namna ya kuukuna, kuukamua na kuukaanga ule mchungu mpaka sumu ikatoka. Mahindi nayo, ingawa jina lake linatupeleka India, asili yake ni Mexico. Kwa hiyo tusiseme kwamba msafara wa Mreno ulituletea maneno ya Kireno tu, maana chakula tunachokipanda kila masika ni kazi ya mikono ya watu hao hao tunaowazungumza hapa.

Maalim wa Wete

Nawashukuru nyote, na Bi Muuguzi kwa namna ya pekee. Nikipata idhini yako nitawasimulia wanafunzi habari za bibi yako, Mungu amrehemu.

Nimerudi katika maelezo yangu ya somo nikakuta nimeandika kwamba wenyeji wa Amerika "waliangamia". Nimelifuta neno hilo. Wainka waliendelea kupigana kutoka milima ya Vilcabamba mpaka mwaka 1572, Wamapuche wa Chile waliwalazimisha Wahispania mwaka 1641 kuutambua mto Biobío kuwa mpaka, na hadi leo mamilioni ya watu wanazungumza Kikechua, na Kiguarani ni lugha rasmi ya Paraguay. Kumbe swali la binti lilikuwa na upungufu ambao nimeusababisha mimi, kwa kumfanya aamini kwamba kule wote wanazungumza lugha ya mgeni. Jumatatu nitaanza kwa kumwomba radhi, kisha nitaweka nanasi juu ya meza na kuwauliza darasa zima ni lipi kati ya majina hayo mawili lililotoka Ureno.