Tupeane uzoefu: namna ya kupunguza foleni ya magari kwenye mageti ya shule

Mleta mada, Tabata
Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Shule zinapofungwa Desemba, sisi tunaotoka Tabata kwenda katikati ya Jiji la Dar es Salaam hufika mapema, na zinapofunguliwa Januari foleni hurudi palepale. Naamini tatizo kubwa ni kila mzazi kutaka mwanawe ashukie mbele ya geti: gari linasimama katikati ya njia, mtoto anatafuta chupa ya maji chini ya kiti, na nyuma yake daladala na bodaboda zinachomekea hadi barabara nzima inafunga. Mlioona njia iliyosaidia, tafadhali tuelezeni.

Mwalimu wa zamu, Kinondoni
Mkuu, sisi tuliomba uongozi wa msikiti jirani uturuhusu kutumia uwanja wake asubuhi. Wazazi hushusha watoto pale, kisha walimu wa zamu huwaongoza kwa kundi hadi shuleni, na mwanafunzi wa darasa la saba hushika kibao cha kusimamisha magari kwenye kivuko. Wazazi wengi walipinga, hasa wakati wa masika, kwa kuwa watoto walifika na viatu vilivyojaa tope, na hoja yao ilikuwa ya haki kabisa. Kamati ya shule ilichangisha fedha, kokoto zikamwagwa kwenye kinjia kile, na tangu hapo hata waliopinga wanautumia uwanja. Jioni huwatoa watoto kwa awamu, madarasa ya chini kwanza.

Dereva wa basi la shule
Basi moja huondoa magari mengi barabarani, lakini kumfuata kila mtoto mlangoni kwake kunawaamsha wadogo saa kumi usiku, jambo linaloniumiza. Katika mtaa mmoja wazazi walikubali watoto wakusanyike kwenye duka la dawa, ambapo matroni huita majina na tunaondoka. Watoto sasa wanalala zaidi.

Mzazi, London
Huku mitaa mingi yenye shule hufungwa kwa magari ya wasio wakazi wakati wa kuingia na kutoka, na wanaokaidi hunaswa na kamera na kutozwa faini. Utaratibu huo ulianzia Bolzano, Italia, mwaka 1989. Hata hivyo, huku mtoto ana njia ya miguu. Mkifunga mtaa bila kuijenga, mtakuwa mmeihamishia foleni mtaa wa pili.

Mchangiaji, Temeke
Naunga mkono. Taasisi ya Amend imejenga njia za miguu, matuta na vivuko kwenye shule za msingi za Dar es Salaam, na mradi huo ulishinda Tuzo ya WRI Ross, ya kimataifa kwa miradi inayoboresha miji, mwaka 2019.

Mama wa wanafunzi wawili, Mbagala
Tusiwasahau wanaopanda daladala. Makondakta huwaacha vituoni kwa sababu ya nauli yao ndogo, na mzazi mwenye gari akishaona hivyo, humpeleka mwanawe mwenyewe. Kituoni kwetu tuliomba askari wa usalama barabarani asimame asubuhi. Siku anapokuwepo, watoto wote hupanda.