Naibu gavana ana cheo, kazi amenyimwa. Mpaka lini?

Ndugu zangu, leo simung'unyi maneno. Wiki jana tulipeleka malalamiko ya zahanati yetu iliyokaukiwa dawa. Gavana yuko safarini, tukaelekezwa kwa naibu wake. Tukamkuta amekaa na katibu mmoja tu, simu ya mezani imekatwa, gari limechukuliwa. Akatuambia hawezi hata kumwita afisa wa afya, maana maafisa wameonywa wasipokee maagizo yake. Kiongozi mzima anatuomba radhi sisi tuliomchagua!

Na tulimchagua kweli. Kifungu cha 180 cha Katiba ya Kenya kinamtaka kila mgombea ugavana awe na mgombea mwenza, mmoja akishinda wameshinda wote wawili. Kifungu cha 179 kinasema gavana asipokuwepo naibu ndiye anayekaimu. Hiyo si hisani ya mtu! Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 32, imemwachia gavana aamue mwenyewe kama atampa naibu idara ya kusimamia au hatampa. Hata akikaimu, haruhusiwi kuteua wala kufuta mtu kazi. Hapo ndipo tunapoumizwa. Wakikosana wale wawili, mmoja anafungiwa kila mlango, na anayelala na homa bila dawa ni mwananchi.

Nairobi tuliyaona. Januari 2018 naibu gavana Polycarp Igathe alijiuzulu, akasema ameshindwa kupata imani ya gavana wake, Mike Sonko. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikashauri kwamba nafasi ya naibu ikiwa wazi, gavana apendekeze mtu ndani ya siku 14. Nairobi ikakaa karibu miaka mitatu bila naibu! Seneti ilipomtimua Sonko Desemba 2020, ikabidi spika wa bunge la kaunti akaimu.

Msiniambie ni cheo kidogo. Nyeri walimpoteza gavana wao Wahome Gakuru ajalini Novemba 2017, naibu wake Mutahi Kahiga akaapishwa gavana siku chache baadaye. Bomet 2019, gavana Joyce Laboso alipofariki, naibu wake Hillary Barchok akashika kaunti. Mtu anayeweza kuapishwa gavana kesho anafichwaje mafaili leo?

Maseneta, rekebisheni hiyo sehemu ya 32. Andikeni kazi za naibu ndani ya sheria, gavana asiweze kumpokonya kwa hasira zake. Na wenzangu wa kaunti nyingine, semeni hapa: naibu wa kwenu ana idara gani?