Gari la zimamoto: kikosi cha waajiriwa na cha kujitolea, kila kimoja kinahitaji lipi?

Saa ya Pampu: Wakuu, naomba tulinganishe vifaa tu, tusiingie kwenye nani hodari kuliko nani. Kikosi cha waajiriwa kina zamu kituoni usiku na mchana, kwa hiyo kinaweza kuwa na gari la ngazi, la uokoaji na la kemikali, kila moja na watu wake. Cha kujitolea hakijui nani atawahi king'ora kikilia. Je, kichukue gari moja la kazi zote?

Fundi Tangi: Kwanza uliza maji yako wapi. Mjini tangi la lita 2,000 linatosha kuanzia kazi, maana mabomba ya zimamoto yako barabarani. Kijijini, mpira mmoja unaotoa lita 200 kwa dakika unalimaliza tangi hilo kwa dakika 10. Mimi ningewapa boza la maji kabla ya ngazi ndefu.

Dada wa Zamu: Boza sawa, ila nani ataliendesha? Ujerumani, ambako wazimamoto wengi ni wa kujitolea, leseni ya kawaida ya gari inaishia tani 3.5. Ilibidi sheria iruhusu kibali maalumu cha wanaojitolea, hadi tani 7.5. Huko vijiji vingi vina gari dogo liitwalo TSF-W: watu 6, tangi la lita 500 au zaidi, na pampu inayoshushwa na kubebwa kwa mikono hadi mtoni, pale gari lisipofika. Kwangu hilo ndilo gari lililobuniwa kwa kumfikiria mtu wa kujitolea.

Mlinda Mtaa: Lakini kujitolea si lazima kuwe na vifaa vidogo. Santiago ya Chile ni jiji kubwa, wazimamoto wake ni wa kujitolea, na magari ya ngazi wanayo.

Dada wa Zamu: Kweli kabisa. Na mitungi ya hewa ya kupumulia isipunguzwe popote. Ule wa lita 6.8 uliojazwa kwa shinikizo la bar 300 unampa mtu takriban nusu saa, na wawili wakiingia ndani, wengine wawili wawe nje tayari na mitungi yao. Moshi ni uleule.

Saa ya Pampu: Na gari lililotumika, likitoka kikosi cha waajiriwa?

Fundi Tangi: Usidanganywe na kilomita chache, ndugu yangu. Injini hunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama, likisukuma maji. Uliza pampu imefanya kazi saa ngapi kwa jumla, halafu soma tarehe ya kutengenezwa iliyo ubavuni mwa matairi.