Naomba ushauri: nataka kuandaa kikao kidogo cha watu kufahamiana kweli

Habari zenu wakuu. Nataka kualika watu wanane hivi, wengi wao hawajuani, tukae jioni moja tuzungumze kwa kina. Sitaki ile ya kila mtu kutaja cheo, kugawa kadi, huku macho yanamtafuta mwenye faida zaidi. Inachosha, na wapole ndio huishia pembeni na glasi mkononi.

Nimesoma utafiti wa mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake wa mwaka 1997: watu wasiojuana, wawili wawili, waliulizana maswali 36 yaliyoanza mepesi yakazidi kugusa undani, kwa dakika 45 hivi. Walitoka wakijihisi karibu zaidi kuliko waliopiga soga za kawaida. Isitoshe, maongezi yakizidi watu wanne huwa yanagawanyika yenyewe. Kwa hiyo nawaza meza mbili za wanne wanne, halafu katikati wabadilishane.

Ninapokwama ni hapa: nikiwaomba wasitaje kazi zao hadi mwisho, si watajisikia wamebanwa? Na akitokea mmoja anayehodhi maongezi yote, mnamtulizaje bila kumvunjia heshima? Mliowahi kuandaa, naombeni uzoefu wenu.